Soko la Futari Katika Mji wa Kale wa Mombasa

Miji mingi ya Afrika Mashariki ina siku zake za soko na maonyesho. Watu hukusanyika uwanjani, vyakula na vinywaji hupangwa juu ya meza, mafundi huleta kazi za mikono yao, na mwenye kutaka kununua huonja kwanza, na akipendezwa ndipo hutoa fedha. Katika Mji wa Kale wa Mombasa liko soko la namna hiyo lisilo na uwanja, wala lango, wala kamati. Huanza alasiri, huvunjika jua linapozama, na hudumu mwezi mmoja tu kwa mwaka. Hilo ni soko la futari la mwezi wa Ramadhani.

Soko hili lina jambo moja la ajabu. Vyakula vyake hupikwa na watu waliofunga, na wengi wanaovinunua wamefunga pia. Mpishi hali alichokipika, wala mnunuzi haonji anachokinunua. Msomaji aweza kuuliza: Je, biashara ya namna hiyo yawezekanaje? Jawabu lake lafaa kujulikana na kila mtu afanyaye biashara ndogo, awe Mwislamu au asiwe, awe anakaa mjini au shamba.

MJI NA BANDARI ZAKE

Mombasa ni kisiwa chenye bandari mbili. Upande wa mashariki iko Bandari ya Kale, karibu na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Hapo ndipo majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalipozoea kutia nanga, yakija kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa pepo za kusi. Yalileta tende, mazulia, masanduku na samaki wa chumvi, yakaondoka na boriti za mikoko na mazao mengine ya pwani.

Upande wa magharibi iko Kilindini, na jina lake lajieleza lenyewe, maana ni mahali penye kina kirefu. Kilindini ni jina la zamani kuliko gati za meli. Wakilindini ni mmoja wa miji mitatu ambayo, pamoja na ile tisa mingine, hufanya Thenashara Taifa, wenyeji wa Mombasa. Gati za kwanza za meli kubwa zilimalizika huko mwaka 1926, na tangu hapo mizigo mingi ikahamia upande huo.

Mambo haya yasidhaniwe kuwa ni hadithi tu. Meza moja ya futari katika mtaa wa Kibokoni yakusanya vitu vilivyotoka pande nyingi. Nazi zimetoka Kwale na Kilifi. Viazi vimeshuka kutoka bara. Ukwaju mwingi hutoka Ukambani. Tende zimevuka bahari. Sehemu kubwa ya ngano ya Kenya, na mafuta ya mawese yanayokaangia karibu kila kitu mezani, huja kwa meli na kupitia Kilindini. Kwa hiyo mama anayekaa kwenye kiti kidogo mbele ya mlango wake anafanya biashara na dunia nzima, hata kama hakupata kuvuka kivuko cha Likoni.

MEZA ZINAPOTOKA

Tangu asubuhi mitaa huwa kimya. Mikahawa mingi imefunga milango yake, na wauza kahawa hawaonekani. Lakini ndani ya nyumba kazi imekwisha kuanza. Wengine wamekwenda Marikiti, kando ya barabara ya Digo, kununua iliki, pilipili manga na mdalasini. Wengine wamekaa juu ya mbuzi wakikuna nazi. Unga wa mahamri umekandwa kwa tui na kufunikwa ili uumuke.

Baada ya sala ya alasiri meza hutoka moja baada ya nyingine. Mahali palipokuwa njia tupu sasa pamekuwa soko. Karai zimetelekwa, na moshi wa makaa wapanda kati ya kuta za nyumba ambazo vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili wenye masinia hupishana kwa shida.

Msomaji asiyepata kufika Mombasa afaa kuelezwa vyakula hivyo. Mahamri ni maandazi ya unga wa ngano, tui, sukari na iliki, nayo huliwa kwa mbaazi zilizopikwa kwa nazi. Viazi karai ni viazi vilivyochemshwa, vikavikwa unga uliokorogwa, vikakaangwa na kuliwa kwa maji ya ukwaju yenye pilipili. Mkate wa sinia ni mkate wa mchele na tui, nao humiminwa katika sinia kabla ya kuokwa. Vibibi ni mikate myembamba ya mchele na nazi. Kaimati ni vidonge vya unga vilivyokaangwa na kuzungushwa katika shira ya sukari. Watu wa Ghuba nao wanavyo, na kwao jina lake ni karibu na hilo hilo. Ziko pia sambusa, katlesi, bajia, mihogo ya nazi, tambi, mishikaki, na samaki wa kupaka.

Vinywaji havikosi. Maji ya ukwaju huwekwa katika ndoo zenye barafu, sharubati za embe na pasheni hutiwa katika chupa, na madafu hukatwa papo hapo. Na kwa kuwa Ramadhani hufuata mwandamo wa mwezi, hurudi nyuma kiasi cha siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Basi kuna miaka ambayo maembe ni tele, na kuna miaka ambayo sharubati ya embe ni anasa.

WASIOFUNGA NAO HUFIKA

Soko hili si la Waislamu peke yao. Wafanya kazi wa bandarini na wa maofisini, Wakristo na wengineo, hupita kununua viazi na bajia wanaporudi nyumbani. Wao wana uhuru wa kula palepale, lakini wengi, kwa heshima ya jirani aliyefunga, hufungiwa chakula chao katika karatasi wakaenda nacho. Hakuna sheria iliyowaamuru, ila adabu ya ujirani.

KAZI BILA KUONJA

Sasa turudi katika lile swali letu. Mpishi wa siku nyingine hupika kwa ulimi: huonja mchuzi, akaongeza chumvi, akaonja tena. Mpishi wa Ramadhani hana njia hiyo. Wanavyuoni wengi husema kwamba mwenye haja aweza kugusisha ncha ya ulimi na kutema bila ya kumeza, lakini watu wengi hujiepusha nalo wasije wakaharibu saumu yao.

Basi hutumia njia nyingine. Ya kwanza ni kipimo. Mama aliyepika mbaazi miaka ishirini ana bakuli moja na kijiko kimoja, wala havibadilishi, maana kijiko kikipotea chumvi nayo imepotea. Ya pili ni pua na macho. Iliki ikizidi hunuka kabla haijafika mdomoni, na tui lililokatika huonekana. Ya tatu ni mtoto mdogo. Yule asiyefikia umri wa kufunga huitwa jikoni kuonja, naye hutoa hukumu yake bila ya kumwonea haya mtu yeyote.

Mnunuzi naye ana njia zake. Hutazama mafuta ya karai. Mafuta mapya ni meupe na hayatoi moshi upesi. Mafuta yaliyokaangiwa siku nyingi hugeuka meusi, huwa mazito, hutoa povu na harufu kali. Hutazama kama chakula kimefunikwa kwa kawa, ama kimeachwa wazi kwa nzi na vumbi. Hutazama mikono ya muuzaji. Kisha huuliza.

“Masalkheri, mama. Mbaazi za leo zikoje?”

“Masalkheri, mwanangu. Chumvi yake Mungu ajua, lakini nazi nimeikuna mwenyewe.”

Mnunuzi hucheka, akatoa fedha yake. Hakununua mbaazi tu, bali amenunua na neno la mama yule. Saa mbili baadaye, atakapokuwa amekaa mkekani na watu wa nyumbani kwake, ndipo atakapojua kama neno hilo lilikuwa la kweli. Na kesho, saa zile zile, atapita tena mbele ya meza ile ile.

Huko kurudi kesho ndiko kunakolinda soko zima. Watu wa Pwani huhesabu siku za Ramadhani kwa vyungu: chungu cha kwanza, chungu cha pili, na kuendelea hata cha ishirini na tisa au thelathini. Muuzaji aliyewalisha watu chakula kibaya katika chungu cha pili ana vyungu ishirini na saba vya kukaa mbele ya meza yake akiwatazama wakinunua kwa jirani. Katika mtaa ambao kila mtu ajua nyumba ya kila mtu, hawezi kuhamia mahali pengine wala kubadilisha jina.

HESABU YA MAMA WA MAHAMRI

Hata hivyo ingekuwa makosa kudhani kwamba uaminifu ni jambo rahisi. Una gharama yake, na gharama hiyo yafaa kuelezwa kwa hesabu. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu.

Tuseme mama mmoja hutoa shilingi 1,000 kila siku kununua unga, sukari, nazi, iliki, hamira, mafuta na makaa. Kwa vitu hivyo hupata mahamri 140, akauza kila hamri kwa shilingi 10. Kama angeyauza yote angepata shilingi 1,400, yaani faida ya shilingi 400. Lakini 20 ni ya watoto wake na ya kupeleka kwa jirani, maana hapana anayeuza futari akaacha kutoa sadaka. Basi hubakiwa na 120 ya kuuza, na faida yake ni shilingi 200.

Sasa tuseme bei ya unga na mafuta imepanda, na gharama zake zimekuwa shilingi 1,200. Mama huyu ameamka alfajiri, amekanda unga, amekaa mbele ya moto siku nzima akiwa na njaa na kiu, na mwisho wake hakupata hata senti moja.

Jambo kama hili lilitokea kweli. Mwezi wa Februari mwaka 2022 Urusi iliishambulia Ukraine. Nchi zote mbili zilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano kwa Kenya. Bei ya ngano na ya mafuta ya kupikia ikapanda duniani kote. Ramadhani ya mwaka huo ilianza mapema mwezi wa Aprili, na kabla haijaisha, Indonesia, ambayo hutoa mafuta ya mawese mengi kuliko nchi nyingine yoyote, ilizuia mafuta yake yasiuzwe nje kwa majuma kadhaa. Vita vilikuwa mbali sana na Kibokoni, lakini bei yake ilifika mpaka kwenye karai.

Katika hali hiyo muuzaji ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kupandisha bei waziwazi na kuwaeleza wateja sababu. Baadhi yao watanung'unika na kupita. Ya pili ni kupunguza hamri iwe ndogo na bei ibaki palepale. Ya tatu ni kuchuja mafuta ya jana na ya juzi na kukaangia tena, na kuongeza maji katika tui. Hii ya tatu ndiyo iliyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu mnunuzi haonji. Hatajua mpaka magharibi, na akiisha kujua, fedha imekwisha kuingia kibindoni.

Wazee walisema: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo yamhusu muuza futari sawasawa. Meza inayosifiwa mtaa mzima ndiyo iliyo katika hatari kubwa ya kuharibika, kwa maana wateja wake wanakuja bila ya kuangalia. Sifa ni mali, na mali hiyo yaweza kuliwa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Muuzaji mwenye akili huchukua njia ya kwanza, hata kama ni ngumu. Husema, “Unga umepanda, mwanangu, sasa hamri ni kumi na mbili, lakini ni ile ile.” Akipoteza wateja kumi kwa bei, bado ana wengine. Akiwapoteza kwa mafuta machafu, hawatarudi, nao watawaambia wenzao.

Linalofuata ni daftari. Wauzaji wengi wadogo huweka fedha ya mtaji na fedha ya matumizi katika mfuko mmoja, na Sikukuu inapofika hushangaa kuona mfuko ni mtupu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandika kila usiku mambo mawili tu, kilichotoka na kilichoingia, kwatosha kumwonyesha mtu kama anafanya biashara au anawalisha watu bure.

KAZI ZA MIKONO

Kadiri mwezi unavyosonga mbele, meza za vyakula huchanganyika na bidhaa za Sikukuu. Katika barabara ya Biashara maduka ya kanga na vikoi hujaa watu mpaka usiku. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo kanga zake zajulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lilianzishwa mwaka 1887, na kina mama huingia humo kusoma majina ya kanga kabla ya kutazama rangi zake. Ziko mikeka na misala ya kusalia, makubadhi ya ngozi, udi na asumini, na hina kwa ajili ya mikono ya mabibi.

Katika bidhaa hizo zote, kofia za kushona kwa mkono zastahili kutajwa kwa namna ya pekee. Kofia ina sehemu mbili: kipande cha mviringo cha juu, na cha ubavuni kinachozunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwanza juu ya kitambaa cheupe, kisha matundu madogo sana hutobolewa na kuzungushiwa uzi, moja baada ya moja, mpaka nakshi yote ikamilike. Kofia moja njema yaweza kuchukua majuma mengi, kwa kuwa mshonaji huifanya katikati ya kazi zake za nyumbani.

Kando yake huuzwa kofia za mashine zilizoletwa kutoka ng'ambo, zenye nakshi kama hiyo, kwa bei ndogo sana. Kwa mbali ni vigumu kuzitofautisha. Lakini mnunuzi akigeuza kofia na kutazama ndani atauona ukweli: uzi wa mashine huenda sawa bila ya kukosea, na uzi wa mkono huonyesha mahali mshonaji aliposimama na alipoanza tena. Hapana ubaya kwa mtu mwenye fedha kidogo kununua kofia ya mashine. Ubaya ni kuuziwa ya mashine kwa bei ya mkono, maana hapo ameibiwa mnunuzi, na ameibiwa pia mama aliyekaa majuma mengi akishona.

MWAKA AMBAO MEZA HAZIKUTOKA

Mwaka 2020 ulionyesha thamani ya soko hili kwa kulikosa. Ugonjwa wa korona ulikuwa umeingia Kenya mwezi wa Machi, na amri ilitolewa kwamba mtu yeyote asiwe nje kuanzia saa moja usiku. Jua la Mombasa huzama wakati huo muda mfupi tu kabla ya saa moja. Ramadhani ikaanza mwishoni mwa Aprili, na tarehe 6 Mei Serikali ikakataza watu kuingia wala kutoka katika Mji wa Kale, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiongezeka humo.

Watu walifuturu majumbani mwao, kila nyumba peke yake. Waliozoea kupata karo ya shule na nguo za Sikukuu kwa meza ya mwezi mmoja hawakuwa na pa kuiweka meza. Amri hiyo iliondolewa mwezi wa Juni, Sikukuu ikiwa imekwisha kupita.

Mwaka ule uliacha fundisho. Mnunuzi humwamini muuzaji si kwa chumvi tu, bali kwa afya yake. Sheria ya Kenya hutaka kila mtu anayeshika chakula cha kuuzia watu apimwe afya na awe na cheti. Maji safi ya kunawa, sabuni, kifuniko juu ya chakula, na kutumia koleo badala ya kidole ni mambo yenye gharama ndogo, nayo huonekana na kila apitaye. Mteja asiyeweza kuonja huangalia zaidi kuliko mwingine.

JUA LINAPOZAMA

Inapokaribia saa kumi na mbili na nusu, sauti za soko hupungua. Wa mwisho kununua wanakimbia. Watoto wanapita wakiwa wamebeba sahani zilizofunikwa kwa kawa, wakizipeleka kwa jirani. Na sahani hizo, kwa desturi ya Waswahili, hazirudi tupu. Kisha adhana husikika kutoka misikitini, pamoja na ule wa Mandhry ambao yasemekana ulijengwa mwaka 1570. Mitaa hubaki wazi kana kwamba hapakuwa na soko.

Ndani ya nyumba tende huliwa kwanza, na maji. Ndipo mbaazi hufunuliwa, na mahamri huvunjwa. Huo ndio wakati wa hukumu. Mama aliyeuza meza nzima naye amekaa kufuturu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anaonja kazi ya mikono yake mwenyewe. Kama chumvi ilizidi, anajua wakati ule ule ambao mtaa mzima wajua.

Baadaye, baada ya sala ya tarawehe, wauza kahawa hutokea na madele yao, wakigonganisha vikombe. Watu hukaa barazani, kahawa chungu mkononi na kipande cha kashata au halua, nao huzungumza habari za mchana. Mara nyingi mazungumzo hayo yafika katika meza za alasiri: ya nani ilikuwa nzuri, na ya nani ilikosa. Hakuna cheti kinachotolewa wala zawadi, lakini kesho alasiri, meza zitakapotoka tena, kila muuzaji atajua yaliyosemwa barazani kwa kuwatazama wanaosimama mbele ya meza yake na wanaopita.